Sanduku la Kufuli Tatu

Kompyuta ilitoka Norwei imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto, na ilipowashwa pale ghalani Makere, katikati ya ndoo za asali, ikawasemesha Kinorwei. Wafuga nyuki wakainamia kioo, wakatazamana. Reverien, kaka wa mwenzao Aline, ndiye aliyewanunulia huko anakoishi, na kwa furaha ya kupata kitu kizuri akasahau kwamba mashine ya watu huja na lugha ya watu.

"Hakuna shida," alisema Castory, katibu wa kikundi. "Naenda nayo nyumbani, naiweka Kiingereza, basi."

Castory alikuwa amesomea kompyuta Kibondo, na tangu arudi watu hawapumui. Mwenyekiti wao, Verediana, alimsikiliza huku damu inamchemka. Kijana hakuwa mwizi, hilo alilijua. Lakini ikishakuwa ya Kiingereza, nani mwingine mle ndani angeifungua? Mizinga, wanunuzi, mauzo, kila kitu kingekaa mkononi mwa mtu mmoja, na wengine wangengoja kusomewa. Verediana alikuwa amesomewa mambo yake mwenyewe maisha yake yote, na alikuwa amechoka.

"Iwekwe Kiswahili," alisema.

Castory akacheka kidogo. "Mama Mwenyekiti, kompyuta haina Kiswahili. Ingekuwa nacho, Kibondo wangenionyesha."

"Labda walikusahau. Aline, mpigie kaka yako."

Aline akaweka simu sikioni. Reverien akasema Kiswahili kipo, ila kinashushwa kutoka mtandaoni, na hakikai mpaka kitanguliwe na Kiingereza. Modemu wakaining'iniza dirishani, mahali pekee panaposhika mtandao. Aline akawa anabonyeza anapoelekezwa, huku anaitikia kwa Kirundi chao, "Ego, ego," na Castory amekunja mikono pembeni kama mkwe aliyenyimwa kiti.

Mashine ikazima, ikawaka tena. Kiingereza. Watu wakapiga makofi.

"Tuishie hapo," Castory akadakia. "Imekubali. Bando lenyewe linaisha, na kazi nitafanya mimi, hamtasumbuka."

Vichwa vikatikisika kukubali. Jua lilikuwa linashuka, mbuzi hawajafungwa, maharage yako motoni. Hata Aline akaondoa mkono kwenye kipanya. Verediana akawaangalia mmoja mmoja, akaona amebaki peke yake.

Akaenda kwenye kona, akaliburuta sanduku la akiba la kikundi mpaka miguuni kwa Castory.

"Hili lina kufuli ngapi, Katibu?"

"Tatu."

"Na funguo zinakaa kwa watu wangapi?"

"Watatu."

"Kwa nini? Kufuli moja isingefunga?"

Castory akasogeza mguu kulipisha sanduku.

"Hatukuweka tatu kwa sababu tuna wezi. Tuliziweka ili asiwepo mtu wa kutuambia ngojeni. Hiyo kompyuta yako ya Kiingereza ina kufuli moja, na ufunguo unao wewe. Mimi siitaki. Irudi Norwei na blanketi lake." Akaketi juu ya sanduku, akakunja kanga magotini. "Mwenye mbuzi akafunge mbuzi. Aline, endelea."

Hakuna aliyetoka. Kiswahili kikaja taratibu, kinakwama, kinaendelea, na Mzee Bazilio, mkongwe wa kikundi, akasimama dirishani ameishika modemu kwa mikono miwili asije mtu akaigusa. Mashine ikazima. Ilipowaka, Verediana akasogea, akasoma mwenyewe, kwa sauti, bila kusaidiwa na mtu: "Karibu."

Akasoma tena. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa kanga bila aibu.

"Inataka neno la siri," Aline alisema. "Tuweke lipi?"

Castory akanyoosha mkono kwa mazoea. Verediana akauzuia.

"Vipande vitatu," alisema. "Kila mtu na chake, wengine wanaangalia ukutani. Ikitaka kufunguliwa, tuwepo wote watatu."

Akaandika chake. Mzee Bazilio akaandika chake kwa kidole kimoja, anatafuta kila herufi. Kiti kikabaki wazi, na watu wakamtazama Aline.

"Njoo, Katibu," Verediana alisema. "Cha tatu ni chako."

Castory akaketi. Kabla hajagusa kitu aligeuka kuona nani anamchungulia. Wote walikuwa wamempa mgongo, na Mwenyekiti ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukuta.