Neno la Kumfungua Kufuli

Daktari wa mifugo alipomwambia Afande kwamba mbwa wake anahitaji kurushiwa sahani, Afande alicheka mpaka daktari akavua glavu na kusubiri amalize.

"Sahani ya kulia?"

"Ya plastiki, mzee. Unairusha, mbwa anaikimbilia, anaidaka. Ni mchezo. Kuna watu wanakutana kila Jumamosi uwanja wa shule."

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

Afande alimgeukia mbwa wake aliyelala sakafuni, kidevu juu ya kiatu cha daktari, akamwonea huruma. Mbwa yule aliitwa Kufuli, kwa sababu taya zake zikishafunga hazifunguki. Kwa miaka yote ya kazi walilinda pamoja ghala la vipuri, na kati ya waliowahi kuruka ule ukuta hakuna aliyerudi kuruka mara ya pili. Kisha kampuni ikafunga kamera kila kona na kuwastaafisha wote wawili siku moja. Afande alipewa cheti. Kufuli hakupewa chochote, na Afande aliona mbwa ndiye aliyetendewa haki, maana hata cheti chenyewe kilikuwa na jina lake limekosewa.

Tangu hapo walikuwa wakiishi kwa binti yake. Kufuli, aliyekosa mwizi, aliligeukia godoro. Baada ya godoro likafuata kochi, kisha kikapu cha nguo za mtoto ambaye hata hajazaliwa. Hapo ndipo binti, tumbo mbele na mkono kiunoni, alipotamka hukumu.

"Baba, nakupenda, lakini sikufichi. Akirarua kitu kingine, au akimgusa mtu, anakwenda kwa binamu."

Binamu alikuwa na gereji. Mbwa wake wote walifungwa mnyororo kwenye magari mabovu, wakabweka mpaka wakasahau walichokuwa wanabwekea. Afande aliwahi kuwaona. Usiku ule hakula.

Basi akaenda kwenye sahani. Na kama vile aibu hiyo haitoshi, binti akamtuma mumewe afuatane naye, akaone kwa macho yake na kurudi na habari.

Mkwe! Kama kuna kiumbe ambacho Afande alikidharau kuliko wezi, ni mkwe wake. Mwizi angalau hupanda ukuta. Huyu aliuza mapazia. Alishinda dukani ameshika vitambaa, akiwaambia wake za watu kwamba rangi ya maziwa si sawa na rangi ya krimu. Mikono yake ilikuwa laini, sauti yake ilikuwa laini, na ulimi wake haukuishiwa shukrani. Alishukuru kwa chai. Alishukuru kwa kupishwa mlangoni. Akikanyagwa mguu, alimshukuru aliyemkanyaga kwa kuuondoa.

Shukrani hizo zilimkera Afande kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Katika kazi ya mbwa wa ulinzi kuna neno la kushika na neno la kuachia. La kushika ni "shika," kila mtu analijua, hakuna siri. La kuachia ndilo siri ya mlinzi na mbwa wake, kwa sababu mwizi akilijua, mbwa amekwisha. Wenzake walichagua majina ya watoto wao au timu za mpira. Afande alikaa akafikiri: mtu aliyebanwa na meno hupiga kelele gani? Husema acha, husema toa, husema nisamehe, husema mama. Husema yote isipokuwa moja. Akachagua "asante."

Alijivunia neno lile kuliko cheti. Kwa ajili yake aliacha kabisa kulitumia nyumbani, ili lisichakae. Akipewa chai, aliitikia kwa kichwa. Binti yake alipomnunulia koti, alilivaa, akatoka nalo. Neno la kazi halichezewi, alijiambia, na hakuona haja ya kumweleza mtu yeyote. Mkwe, kwa upande wake, alilimwaga mezani kama chumvi, na Kufuli akawa anadondosha mfupa wake kila kikombe kilipopokelewa. Nyumba nzima ilidhani mbwa ana tatizo la meno.

Uwanjani Afande alikuta alichokitarajia, na kibaya zaidi. Mkuu wa kundi, waliyemwita Kocha, alikuwa mama anayetengeneza miwani, na siku hiyo alining'iniza filimbi shingoni, mbwa wake miguuni. Kulikuwa na mume na mke waliovaa fulana sare, na mbwa wao naye kavishwa sare. Kulikuwa na jibaba moja, mwoka keki, kifua kipana kama mlango wa tanuri lake, na mbwa wake alikuwa kitu cheupe chenye utepe sikioni. Alikiita Sukari. Wote walikuwa wanatabasamu. Afande hakuwa amewahi kuona watu wengi hivyo wakitabasamu bila kuuza kitu.

"Karibu, mzee," alisema Kocha. "Mbwa wako anaelewa maneno gani? Tunauliza kila mgeni, ili tusigongane."

Hapo ndipo Afande angeweza kufungua mdomo akasema maneno mawili, na hadithi ingeishia hapo.

"Mbwa wangu anaelewa kazi," alijibu.

Kocha akamtazama kidogo juu ya miwani yake, akaendelea. Alieleza kwamba anayeanza harushi kwanza. Kwanza sahani iwe laini, ya mpira, isiumize fizi. Mbwa alishwe ndani yake siku kadhaa, aione kuwa kitu chema. Kisha iviringishwe chini kama gurudumu, aikimbilie bila kuruka. Kuruka ni baadaye, magoti yakishazoea. Na mchezo ukatizwe mbwa angali na hamu, asichoshwe mpaka akachukia. Afande alisikiliza yote kwa uso wa mtu anayesomewa bei ya kitu asichotaka kununua.

"Siyo bega, mzee. Kiganja," Kocha alimwambia alipoinua mkono.

Afande hakupokea amri kutoka kwa watengeneza miwani. Akatupa kwa bega, kwa nguvu zote, kama anavyotupiwa jiwe mtu aliye juu ya ukuta, na sahani ikapaa, ikapinda, ikatua juu ya paa la darasa.

"Safi sana, mzee! Imefika mbali!" alishangilia mwoka keki, tena kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililouma.

Akapewa nyingine. Kufuli aliipokea mdomoni vizuri, kwa heshima, kama alivyofundishwa kushika chochote. Pembeni, mke wa sare akampa mume wa sare maji. "Asante," alisema mume. Sahani ikaanguka. Afande akamrudishia. Kocha akaokota kamba ya mtu. "Asante, Kocha." Sahani ikaanguka. Watu wale walikuwa wanashukuriana kama wanalipwa kwa neno. Kila Kufuli aliposhika, kuna mpumbavu mahali fulani alipewa kitu.

"Naona kama hana hamu," alisema Kocha kwa upole.

Afande alisaga meno. Angesema nini? Kwamba mbwa wake ana hamu kuliko vijibwa vyao vyote, ila wao wana adabu kupita kiasi? Mkwe alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa maji, akiwa amevaa shati jeupe la dukani, na alikuwa anatabasamu kama wengine.

Ndipo mwoka keki akaviringisha sahani ya Sukari, na sahani ikaenda vizuri kwenye nyasi, na kile kitu cheupe kikaifuata kikipepesuka, na jibaba likasahau dunia likapiga ukelele:

"Shika! Shika, mwanangu! Shika!"

Kufuli hakuwa amelisikia neno lile tangu waondoke ghalani. Masikio yalisimama. Aligeuka mara moja, akatafuta mtu asiye na mbwa, kama alivyofundishwa, na mtu asiye na mbwa pale alikuwa mmoja tu. Taya zikafunga juu ya mkono wa kulia wa mkwe, kati ya kiwiko na kiganja. Kisha akatulia, mkia chini, macho kwa Afande, akisubiri.

"Acha!" alipiga kelele Kocha. "Toa! Toa!" alisema mwoka keki huku amemkumbatia Sukari. Mume wa sare alisema "keti," bila shaka ndilo pekee alilolijua.

Afande alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa pale, juu ya ulimi. Lakini mbele yake alisimama yule muuza mapazia, uso kwa uso, na kulisema pale, kwa sauti, mbele ya wacheza sahani wote, kungekuwa ni kumwambia asante mtu huyo. Hakuwahi kumwambia. Siku alipohamia kwake na mbwa na sanduku, hakumwambia. Hivyo alisita. Haikuwa muda mrefu, lakini wote watatu, yeye na mkwe na mbwa, waliona kwamba amesita.

Mkwe alikuwa amebadilika rangi. Hakuvuta mkono, hakupiga kelele. Kocha alimsogelea kwa tahadhari.

"Usimvute," alimwambia. "Simama hivyo hivyo. Unafanya vizuri."

"Sawa," alisema mkwe. "Asante."

Kufuli akafungua taya. Akaketi chini, ulimi nje, ameridhika kabisa na kazi yake.

Mkono wa shati ulikuwa umetoboka, na chini yake ngozi ilikuwa na alama nyekundu, haikuchanika. Kufuli alishika, hakutafuna, kazi aliijua. Lakini Afande hakumwangalia mbwa. Alikuwa anamkodolea macho yule mtu mlaini, wa kwanza katika umri wote wa Kufuli kusema lile neno akiwa ndani ya meno. Mitego yake yote aliitega kwa ajili ya watu waoga na watu wabaya. Hakuwa amefikiria kwamba kuna mtu anaweza kuwa na adabu hata hapo.

Kocha aliwaruhusu warudi wiki ijayo kwa sharti moja, kwamba mgeni awaambie kwanza maneno yote ya mbwa wake. Wakampa sahani ya mpira aende nayo. Afande aliitikia kwa kichwa.

Walirudi kwa miguu, Kufuli katikati, sahani mdomoni, akitembea kama afisa. Walipokaribia nyumbani mkwe akasema:

"Kumbe neno ni lile."

Afande aliizungusha kamba ya mbwa mkononi.

"Sasa nimeelewa. Ndiyo maana nyumbani hulisemi. Ulikuwa unalitunza kwa ajili ya kazi." Akacheka kidogo, kwa kufarijika. "Mke wangu siku zote anadhani ni dharau. Nitamwambia."

Afande aliendelea kutembea. Angependa iwe hivyo. Lakini yeye alimpata Kufuli mvi zikiwa zimeshamjaa kichwani, na mama wa binti yake alikuwa amekwisha kufa kabla ya hapo, naye pia hakuwahi kuambiwa asante. Ilikuwa dharau. Mbwa alikuja baadaye, akaipa kazi.

Binti alikuwa sebuleni, miguu juu ya kigoda. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye shati.

"Huo mkono umefanya nini?"

Afande alisimama mlangoni ameshika kamba. Aliona ile gereji, ule mnyororo, yale magari mabovu. Akangoja.

"Waya," alisema mkwe. "Uzio wa shule una waya mbovu. Niliegemea."

Hakujua hata kudanganya. Masikio yalimwiva, jasho likamtoka, na mkono wenyewe aliuficha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Afande alitafuta dharau yake, ile ya kila siku iliyokuwa karibu sikuzote, akakuta hamna kitu.

"Na mbwa?"

"Mbwa hana neno," alisema mkwe. "Kocha kasema warudi wiki ijayo."

Binti aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akajiinua kwa kushika kochi, lile lililobaki.

"Basi abaki. Vua shati nikatafute uzi."

Akaingia chumbani. Wakabaki watatu. Mkwe alikuwa anafungua vifungo kwa mkono mmoja, ule mwingine ukimuuma, na vifungo vikamshinda. Afande akamsogelea, akamfungulia kimoja, akafungua cha pili. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayetafuna dawa.

"Asante," alisema Afande.

Sahani ikaanguka sakafuni, ikazunguka kidogo, ikalala.

"Nani huyo?" binti aliuliza kutoka chumbani. "Nani anashukuru?"

Kufuli alimtazama Afande, akamtazama mkwe, akamrudia Afande, akijaribu kujua ni yupi kati yao aliyekuwa ameshikwa.