Wino Uliotiwa Maji

Wino ulikuwa umeshamfika Yasukichi kwenye kiwiko kabla bintiye hajamaliza kuvua viatu mlangoni. Ulimchuruzika mkononi, mwembamba kama chai iliyotiwa maji mara ya pili, ukadondokea gazeti alilotandaza mezani.

"Usiseme neno," alionya, akiinua katriji ya printa kama mtu aliyemshika panya mkia. "Inavuja kwa kunikomoa tu."

"Baba, umesukuma sindano kwa nguvu."

"Nimesukuma kama mama yako."

"Mama hasukumi," alisema Chizuru.

Miaka yote Fusae, mama yake, ndiye aliyejaza wino nyumbani kila Desemba, wakachapa kadi za mwaka mpya kwa ndugu na kwa wanunuzi wa matufaha yao. Sasa Fusae alikuwa amelazwa hospitali mjini Hirosaki, na daktari alikuwa amewavuta pembeni akawaambia kwamba kwake mwaka mpya ulikuwa mbali. Chizuru alidhani habari ile ingezima shughuli ya kadi. Nyumba yenye msiba haitumi salamu za heri. Na kadi ikishatumbukizwa posta haina kurudi: ingewafikia watu asubuhi ya siku ya kwanza, ikiwatakia furaha kwa jina la marehemu.

"Tungoje kidogo, Baba."

"Tungoje nini?"

Yapo maneno ambayo ulimi huyakataa hata moyo ukishayakubali.

Printa ikakoroma, ikatema kadi moja. Majina mawili yalikuwa yameandikwa bega kwa bega, la mume na la mke, lakini yalitoka ya kijivu. Kijivu kile kile ambacho watu wa kwao huandikia bahasha za rambirambi, kana kwamba machozi yamedondoka ndani ya wino. Macho ya Yasukichi yalikuwa yamechoka, hayakuona tofauti. Aliipepea kadi ikauke, akaitia mfukoni.

"Nampelekea aione."

Njia nzima ya hospitali Chizuru alijiambia kwamba angeiomba ile kadi. Hakuiomba. Sehemu fulani ya moyo wake, ambayo aliionea haya, ilitaka karatasi imsemee.

Fusae alikuwa ameegemezwa mito. Aliona kwanza mikono ya mumewe.

"Mzee wewe, umemchinja nani?"

Yasukichi akacheka, akamkabidhi kadi. Fusae akaitazama. Akaendelea kuitazama hata kicheko cha mumewe kikaisha chenyewe.

"Baba Chizuru, umetia maji."

"Kidogo tu. Wino ulibaki chini kabisa ya chupa, nikaona—"

"Ndiyo maana unavuja. Sponji iliyomo ndani ya katriji haiwezi kushika maji yako." Akaiinua kadi kwenye mwanga wa dirisha. "Na rangi hii? Mmenitangulizia rambirambi? Si mngengoja nife kwanza!"

Alicheka, kikohozi kikamkata. Kufa: hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo chumbani mle, naye alikuwa amelisema kama anayeomba chumvi. Yasukichi aliichukua kadi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akainamisha uso ndani ya mikono yake iliyochafuka.

"Mama, mimi nilitaka tungoje," Chizuru akasema. "Kwa sababu zikifika, halafu wewe..."

"Halafu mimi sipo."

Chizuru akaitikia kwa kichwa.

"Shangazi yako Tomeko atazimia," alisema Fusae. "Mwache azimie. Tangu nimjue hajashangazwa na kitu." Akapumzika, akavuta pumzi. "Lakini nikifika kwa watu, nifike mweusi tititi. Sitaki watafute miwani ili wanione. Nunua wino, ujaze wewe. Sindano iende kwa mwendo wake. Tone likichomoza tunduni, vuta nyuma kidogo, ufute, uzibe. Kisha ilaze juu ya tishu uiache. Usiitikise. Baba yako huitikisa kama chupa ya dawa."

"Siitikisi," Yasukichi akanung'unika ndani ya viganja.

"Huitikisa."

Kesho yake asubuhi Chizuru aliketi mezani na chupa mpya. Alikuwa na haraka ya kumaliza, kisha haraka ikamwishia. Kidole gumba hakikuwa na kazi ila kutulia. Sponji ilikunywa kwa wakati wake, haikuhimizika wala haikuchelewa. Alijikuta hangoji tena kitu kingine chochote. Tone lilipochomoza alilivuta nyuma, na tishu ikabaki na alama moja tu, ndogo. Majina yakatoka meusi, yote mawili.

Mchana walikwenda na baba yake kwenye sanduku la posta. Chizuru alitumbukiza fungu lake. Yasukichi akaingiza lake hadi kwenye kifundo cha mkono, lakini hakuliachia. Nyuma yao mwanamke mwenye kadi zake alirudi hatua moja, akajifanya anachunguza theluji juu ya viatu vyake.

"Zimekauka?" Yasukichi aliuliza.

"Zimekauka, Baba."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

Mkono ulibaki mle ndani. Chizuru hakumhimiza. Alimkunjulia kola ya koti ikamfunika shingo, akasogea upande ule ulikotoka upepo, akasimama naye.