Mawe ya Gand

"Tutakuletea chokoleti, Mama Constance," alisema Papa Gustave, kiongozi wa kwaya, kama mtu aliyekwisha kufunga sanduku.

Kwaya yao ya Wakongo wa Greyville, mtaa wa Durban, ilikuwa imealikwa kuimba Gand, Ubelgiji. Wimbo mkuu ulianzishwa na Constance, na Constance alikuwa akitembelea kiti cha magurudumu. Kila Jumapili wanaume wanne walimpandisha ngazi za kanisa juu juu, kama bibi harusi asiyetaka ndoa. Gustave akaona mambo yamejieleza: asiyepanda ngazi hasafiri.

"Kule barabara iko mawe matupu, Mama. Nani atakubeba?"

"Nani amekuomba? Mimi ni gunia la unga?"

Constance akapiga simu Gand mwenyewe, akaelezwa. Ukumbi una mlango usio na ngazi. Choo ni kipana. Tramu ipo ambayo mtu anaingia na kiti chake. Yalibaki mawe tu. Shida hiyo akampelekea Zénon, mchomeleaji wa vyuma kule Jacobs, mtaa wa viwanda, naye akamtengenezea gurudumu kubwa la kufunga mbele, la kuinua vile vigurudumu vidogo vinavyonasa kwenye mianya.

Kisha Constance akaita kwaya nzima uani kwa Zénon, ua wa zamani uliotandikwa mawe yaliyovimba kama mikate.

"Nikishindwa kufika getini na kurudi bila kusaidiwa, nabaki Durban. Nikiweza, sitaki tena kusikia habari za chokoleti."

Gustave alikuja na viatu vya ngozi ya mamba. Hata kwenye karakana za Jacobs, Papa Gustave huvaa kitanashati.

"Nitatembea kando yako, usije ukaanguka."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Constance akasukuma. Kiti kikatetemeka, meno yakagongana, viganja vikawaka moto. Katikati ya ua gurudumu likakwama kwenye jiwe. Akarudi nyuma kidogo, akaegemea, akasukuma kwa hasira. Likapanda.

Papo hapo soli ya mamba ikateleza. Gustave akapepesuka, akadaka mpini wa kiti.

"Eish! Mama, ngoja!"

"Nilisema bila kusaidiwa," Constance akajibu bila kugeuka. "Lakini wewe husaidii, unavutwa. Shika vizuri."

Akamkokota mpaka getini, akamrudisha. Vigelegele vikapasua ua. Libérate, wa sauti ya pili, akauanza wimbo mkuu kwa furaha na kwa sauti mbovu, Constance akampokonya.

"Sawa, Mama," Gustave akasema, akifuta viatu. "Utaenda."

"Najua. Zénon, kapime ngazi za kanisa. Siwezi kuingia Gand peke yangu halafu Greyville nibebwe. Na wewe, Papa, nunua raba."

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, wale wanaume wanne walisimama mlangoni wasijue mikono waiweke wapi. Constance akapanda mteremko mpya wa chuma aliouchomelea Zénon, akawapita, akaingia kanisani akiwa tayari anaimba.