Betri Chini ya Mama Mkwe

Tangu Jumatatu Ngui hakutulia. Chai ilipoa mbele yake, mkewe Wayua akiwa bado anamsemesha, yeye akainuka tena kwenda kuiwasha ile Volkswagen yake kuukuu. Akaizima, akarudi, akaketi, akainuka. Majirani wa mtaa wa Kaloleni walidhani anauza gari.

Kilichomkosesha raha ni mama mkwe. Krismasi iliyopita gari lilikataa kuwaka kule kwa wakwe, Kangundo, ukoo mzima ukitazama, na wanaume wakaacha nyama waje kulisukuma kwa mikono yenye mafuta. Mama Kavutha alisimama mlangoni akasema neno moja tu, likafika Nairobi kabla ya Ngui mwenyewe: "Kumbe binti yangu ameolewa na watu wa kusukuma." Lilimchoma, na mpaka mwaka huu wa njaa na unga wa manjano lilikuwa bado linamchoma. Sasa mama alikuwa anakuja kliniki ya macho, na Ngui ndiye wa kumpeleka. Safari hii gari lingewaka kwa ufunguo, au yeye ahame mji.

Akaenda kwa Mulama, muuza betri pale Jogoo Road.

"Ya gari gani, buda?"

"Volkswagen."

"Basi chukua hii fupi. Si yako inakaa chini ya kiti cha nyuma?"

Ngui aliitazama ile fupi akaidharau. Kando yake palikuwa na nyingine, ndefu, nyeusi, ya kuamshia lori. Na hakuja mikono mitupu. Alikuwa ameshapima mahali pa betri kwa shubiri, urefu na upana, tena alijua alama ya kujumlisha inakaa upande gani ili waya zifike. Akaipima ile kubwa. Ingekaa sawasawa.

"Hii nayo ni volti kumi na mbili?"

"Zote ni kumi na mbili. Hii imezidi nguvu tu, asubuhi ya baridi haibembelezwi. Lakini kimo, buda. Umepima kimo?"

"Kimo cha nini? Nanunua betri, sinunui suruali."

Mulama akacheka, akamfungia betri yake. Mteja akishajua kila kitu, wewe unamwambia nini?

Ikaingia vizuri, kiti kikarudi juu yake. Ngui alijaribu gari asubuhi, akajaribu mchana, akajaribu hata aliporudi kanisani. Kila mara liliwaka. Hata hivyo moyo ulikataa kutulia, akarudi kulijaribu tena.

Kwa Wakamba wa kale, mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni, wala hawalali chini ya paa moja; anayevunja mwiko hulipa mbuzi. Town ilikuwa imewalegeza wengi, lakini si Mama Kavutha. Alifikia mtaa wa Tena, kwa mpwa wake Falis, na huko ndiko Ngui alikomfuata. Ngui aligeuza kioo cha ndani ya gari kitazame pembeni, macho yasije yakakutana. Wayua akakaa mbele. Mama, ambaye Mungu hakumnyima mwili, akakaa nyuma ya mgongo wa dereva, mahali pa heshima asipoweza kuonekana. Siku zote zile za kulijaribu gari, hakuna aliyekuwa amekaa pale.

Ufunguo mara moja, gari likanguruma. Ngui alitamani kuimba.

Walipokaribia Buruburu mama akakohoa. "Wayua, mwambie mume wako kiti chake kina joto."

"Mama anasema kiti kina joto."

"Mwambie mama ni jua," Ngui akasema.

Hawakwenda mbali. "Wayua, mwambie mume wako jua lake linatoa moshi."

Ngui alikanyaga breki, akaruka nje, akakunja kiti chake cha mbele kufungua njia ya nyuma. Moshi ulikuwa umemzunguka mama, naye amekwama, ameinyoosha mikono. Mikono ya Ngui ilisita hewani. Kisha akamshika, akamvuta kwa nguvu zake zote, mama akamwangukia kifuani.

Akaking'oa na kiti, akakitupa majanini. Pale chini, springi zilikuwa zimeungua zikawa nyeusi. Kiti kikiwa kitupu hazikuigusa betri. Alipokaa mama zililala juu ya vichwa vyote viwili vya betri, chuma kwa chuma. Kimo. Ngui aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Watu walikusanyika. Alipoona waya ni nzima alijaribu ufunguo. Ka, ka, ka, basi; betri ilikuwa imeisha nguvu. Akabaki amelalia usukani, hataki kumwona mtu.

"Ngui."

Ilikuwa sauti ya mama. Tangu Ngui amwoe Wayua, mama hakuwahi kumwita kwa kinywa chake mwenyewe. Ngui alishuka, akainamisha kichwa.

"Umenishika mikono."

"Ndiyo, mama."

"Mbuzi utaleta."

"Nitaleta, mama."

"Na siku nyingine ukipima betri, upime na mimi."

Mama akamkabidhi Wayua mkoba wake, akakaza leso kiunoni, akazunguka nyuma ya gari na kuweka viganja vyote viwili juu ya bati.

"Ingia ushike usukani, mwanangu," akasema. "Nilisema ni watu wa kusukuma. Haya, watu wetu, tusukume!"