Heshima ya Cadeau

Mulenda alimwaga jasho kwenye cherehani ya kukanyaga tangu asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana wakammwagia unga. Msimamizi wa karakana ya ushonaji katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, alimwambia kwa sauti ya upole, ule upole unaokera kuliko matusi, kwamba mradi sasa una sheria: aliyefika miaka sitini apumzike, awapishe vijana. Karatasi yake ilisema ana sitini na miwili. Cherehani yake akapewa Niyongabo, Mrundi wa miaka thelathini na kitu ambaye kifua kilimsumbua hata akapumzika kila baada ya pindo moja.

Mulenda alikuwa na hamsini na miwili. Hajawahi kulazwa, macho yake yalitunga uzi bila miwani, na vita vilivyomfukuza Uvira, Kongo, mwaka wa tisini na nane vilimkuta akishona, vikamwacha na mikono yake mizima. Mikono hiyo ndiyo ilimlisha yeye na mkewe Rosalie. Miaka kumi ya ziada ilitoka wapi?

Ilitoka kwa Cadeau. Huyu alikuwa kijana wa kwao Uvira, aliyetafsiri siku Mulenda alipoandikishwa kambini. Alipobanwa, akaeleza huku akiangalia chini. Karani Mmalawi aliuliza mtu huyu ni nani, ana umri gani. Cadeau, aliyelelewa vizuri, hakuthubutu kumtaja mkubwa wake kwa jina wala kumhesabia miaka. Akasema ni muzee. Kisha akatafuta neno hilo kwa Kichewa, na Kichewa chake kilikuwa cha sokoni, akaliokota "nkhalamba." Angesema "bambo" yangeisha, kwa maana bambo ni baba, ni bwana. Nkhalamba ni kikongwe. Karani akamtazama Mulenda aliyekuwa na vumbi la safari kichwani kama mvi, akaandika umri anavyoona.

Mulenda hakupoteza muda kumtukana. Kesho yake akamkokota Cadeau mpaka Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwenye ofisi ya mkurugenzi wa mradi.

Mkurugenzi, mama mmoja Mmalawi, aliwapa viti na soda. Alisikiliza, akasikitika kweli. Lakini karatasi haibadilishwi bila cheti cha kuzaliwa, na cheti kilibaki Uvira katika nyumba iliyochomwa. Halafu uso ukamng'aa, akaongea kirefu, na Cadeau akatafsiri: muzee anaweza kurudi Jumatatu, akae karibu na Niyongabo, amfundishe, na mwenzake akichoka, amshikie mashine. Kila siku. Kwa kujitolea, maana sheria inakataza kumlipa.

Yaani kwa mshahara alikuwa kikongwe, kwa kazi ya bure alikuwa kijana! Mulenda aliweka soda chini.

"Mwambie hivi," akasema. "Kama niko nkhalamba wa kulipwa, niko nkhalamba wa kazi pia. Mi sikanyagii mutu mashini bure. Na usitie heshima, Cadeau. Heshima yako njo ilinizeesha."

Cadeau alimgeukia mkurugenzi. Akaongea kwa Kichewa, polepole, mikono imekutana mbele ya kifua, na mwishoni Mulenda akasikia neno moja ambalo hata mtoto wa kambini analijua: zikomo. Asante. Mkurugenzi akatabasamu, akanyoosha mkono kufunga makubaliano.

Mulenda aliutazama mkono ule, akautia wake mfukoni.

"Iyai," akasema. Hapana. Kwa hilo hakuhitaji mkalimani.

Tabasamu likakatika. Mkurugenzi alisema kitu kifupi, akafungua mlango, wala Cadeau hakukitafsiri, maana kilijieleza chenyewe.

Nje, kijana alimfuata nyuma. Alisema mkubwa haambiwi maneno kama yale, kwao hawakufundishwa hivyo. Halafu akauliza, "Sasa mutakula nini, muzee?"

Mulenda aligeuka.

"Nina jina. Niite Mulenda."

Cadeau alifungua mdomo. Akajaribu tena, midomo ikagusana kwenye herufi ya kwanza na kuishia hapo. Walirudi Dzaleka bila yeye kumwita kitu chochote.