Faili Limeguswa kwa Mkono

Mwenye karakana alikuwa na mume, tena alikuwa na mdogo wake wa kike, na kosa lake kubwa maishani lilikuwa kuwaweka wote wawili katika chumba kimoja cha kazi. Karakana ilitengeneza vyumba vya baridi vya kuhifadhia maziwa, dawa na maua. Mume alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa kupanda mapaa na spana mfukoni. Mdogo mtu ndiye aliyeandika programu iliyokaa ndani ya kila chumba, ikiamua lini kompresa, ile pampu ya gesi ya ubaridi, iwake, lini izime, lini king'ora kilie. Mashemeji hutaniana, ndiyo ada. Hawa walitaniana mwaka wa kwanza, wa pili wakaanza kuumana.

Waligombania Kitabu. Mdogo mtu hakuandika programu kama wengine, mistari mitupu ya amri ambayo mwandishi mwenyewe akiirudia baadaye anabaki kukuna kichwa. Yeye aliandika hati moja ya kusomeka, aliyoiita Kitabu: aya ya kueleza analotaka na kwa nini, chini yake amri chache, kisha aya nyingine, hivyohivyo hadi mwisho, kwa mpangilio wa mtu anayemfundisha mwenzake. Halafu alikuwa na chombo chake, programu ndogo yenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchambua: kuzitoa amri zote ndani ya hati, kuzipanga upya jinsi mashine inavyozitaka, na kuziweka kwenye faili. Ya pili ilikuwa kufuma: kutoka hati ileile, kutoa kitabu chenye sura, kurasa na faharasa. Juu ya kila faili lililochambuliwa, chombo kiliandika onyo: Usiguse hapa, rekebisha kwenye Kitabu.

Shemeji yake, yule fundi, aligusa.

Alikuwa amejifunza programu ukubwani, kwa kudonoadonoa, na alijua kiasi cha kutosha kuharibu. Ndivyo mdogo mtu alivyopenda kusema. Kweli yenyewe ni kwamba mwanamume yule alikuwa na sikio la mashine. Alijua mota inaumwa kabla haijakohoa. Asichokuwa nacho ni subira ya kusoma hata aya moja. Akiona kasoro, anafungua faili, anabadilisha namba, anaenda zake. Na kila Kitabu kilipochambuliwa upya, faili jipya lilichukua nafasi ya lile la zamani, na marekebisho yake yakapotea kana kwamba hayakuwahi kuwepo.

"Shemeji, umenifutia kazi yangu tena."

"Sijafuta kitu. Lisilokuwemo kwenye Kitabu halipo."

"Maneno matupu hayavunji mfupa. Mashine haisomi insha zako, Bi Sababu."

"Najua haisomi. Na wewe ni mashine?"

Bi Sababu, jina hilo shemeji ndiye aliyempachika, na kabla ya wiki kwisha hata mchomeleaji wa uani alikuwa akimwita hivyo. Alilichukia kwa kuwa lilimkaa.

Dada mtu alichoka kuamua kesi za watu wazima. Alimwamuru mdogo wake akifundishe chombo kuuliza kabla ya kufuta, naye akatii, midomo ikiwa imemvimba. Kisha akawaita wote wawili akawaambia kwamba kiwanda cha maziwa kinataka vyumba vingine vingi, na kazi hiyo haiwezi kuwa na vichwa viwili. "Nataka mtu mmoja wa kushika programu zote," alisema. "Mwingine atafute pa kwenda. Nitatazama kazi, sitatazama damu wala ndoa."

Tangu hapo hawakusalimiana. Kila mmoja alipika chai yake. Bi Sababu alikipenda Kitabu kile kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote aliyemposa, na wazo la kukiacha mikononi mwa asiyesoma lilimkosesha raha hata ya kula.

Ndipo ikafika siku ya kupeleka toleo jipya kiwandani. Alikichambua Kitabu, chombo kikasimama katikati ya kazi kikauliza: Faili hili limeguswa kwa mkono. Nilifute?

Alitazama kilichoguswa. Ulikuwa mstari mmoja tu, ule wa muda wa kompresa kupumzika kabla ya kuwaka tena umeme unaporudi. Kitabu kilisema dakika mbili. Mkono wa shemeji ulikuwa umeweka saba, bila neno la maelezo, kama mtu aliyetema mate akapita. Bi Sababu akataka kucheka. Kisha akawaza habari za kiwandani, umeme unavyokatika na kurudi kule, gesi inavyobaki imebanwa kwenye mabomba, na akaona kwamba shemeji alikuwa amepatia. Yeye mwenyewe, pamoja na sura zake zote, hakuwa ameliona hilo.

Angeweza kuandika aya moja, na kwa desturi yake angelazimika kutaja wazo ni la nani. Jina la yule bwana, ndani ya Kitabu chake! Chuki ilimpanda. Akabonyeza Ndiyo.

Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, na hakuja kusalimu. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi, kompresa ikang'ang'ania kuwaka hadi ikaungua, na maziwa ya wafugaji chungu nzima yalikuwa yameganda na kunuka. Alitukana tangu mlangoni. Alipoondoka, dada mtu aliwasimamisha wawili wale mbele ya mafundi wote.

"Ile niliirekebisha!" mumewe alifoka. "Niliongeza muda, niliweka..."

"Uliiandika wapi? Ulimwambia nani?"

"Niliweka kwenye faili. Muulize mdogo wako, chombo chake si kinauliza?"

Dada akamgeukia. "Kilikuuliza?"

"Hakikuniuliza," Bi Sababu alisema, na sauti haikumtetemeka. "Hakukuwa na kitu cha kuuliza. Huyu kila kikiharibika kitu husema alishakitengeneza."

"Mke wangu, nakuapia..."

"Usiniapie. Njia ya mwongo ni fupi," dada mtu alisema, mafundi wakisikia. "Wiki ijayo unikabidhi funguo."

Mume yule aliinamisha kichwa akatoka. Nyumbani, habari zilivyovuja, alihamia kwenye kochi la sebuleni. Bi Sababu alipozisikia alijiambia hayamhusu. Mtu amevuna alichopanda. Alilala vizuri, kwa aibu yake.

Dada alimpa kazi ya kuiandika upya sura ile na kuichapa, mwenye kiwanda aone kwamba kosa limeeleweka. Bi Sababu aliiandika kwa furaha iliyopita kiasi. Alipima gesi, akachora, akapima tena. Na kwa kuwa kila sura ya Kitabu ilieleza pia njia zilizokataliwa, msomaji asije akazirudia, hakuiacha sehemu hiyo. Ilimwenda vizuri kuliko zote.

Siku ya makabidhiano walikuwa watatu tu ofisini. Mume aliweka funguo mezani. Dada mtu, macho mekundu, akamsukumia kurasa zilizochapwa.

"Soma, kwa sauti. Angalau leo usome."

"Ya nini sasa?"

"Ujue kazi inavyofanywa."

Alisoma kwa kuburuza, akibeza kila nukta. "'Kompresa ikizimika ghafla, gesi hubaki imebanwa upande mmoja wa mabomba. Ikiwashwa kabla haijatulia, mota huungua. Dakika mbili za awali hazikutosha.'" Akameza mate, akaendelea. "'Dakika saba zingetosha, lakini hizo ni za kubahatisha, za mtu asiyepima, chumba kingepata joto bure. Tano ndizo sahihi.'"

Akaurudia mstari kwa macho, midomo ikicheza.

"Saba," alisema. "Shemeji, nani alikutajia saba?"

"Saba gani?" dada mtu aliuliza.

"Niliyoweka mimi. Sikumtajia mtu. Hata wewe siku ile hukuniacha nimalize. Ilikuwa kwenye faili tu, lile lililofutwa."

Bi Sababu alihisi masikio yakimwaka moto. Mdomo uliponza kichwa, na wake haukuhitaji hata kufunguliwa. "Nilitoa mfano tu," alisema.

"Wewe?" Dada alimkazia macho. "Mimi nimekulea. Hujawahi kuandika namba bila kujua imetoka wapi."

Nje mchomeleaji alikuwa akigonga chuma, na kila pigo lilisikika.

"Uliiona," dada alisema taratibu. "Uliiona, ukaelewa, ukaifuta. Ukaniacha nimwite mume wangu mwongo mbele ya watu. Maziwa ya watu, mdogo wangu! Nyumba yangu!" Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Bi Sababu aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani sakafu imfunike. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kisichokubali kunyamaza, nacho ndicho kilichosema.

"Lakini tano ndizo sahihi, Dada. Saba ni nyingi. Nilipima."

Dada alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Akaokota funguo mezani, akazirudisha mkononi mwa mumewe, kisha akaenda kuufungua mlango, akasimama kando yake.

"Toka."

"Na Kitabu?"

"Kiache."

Alichukua mkoba wake na koti. Alipopita mbele ya shemeji alitarajia kejeli, hata tusi, na angelipokea kwa shukrani. Mwanamume yule hakuinua uso. Alikuwa amevuta kiti, ameweka kidole chini ya mstari, anasoma ukurasa unaofuata.