Blauzi Iliyofumuliwa Upande Mmoja

Mkamwana alikuwa akipiga pasi blauzi ya mama mkwe wake, ile ya bluu ya kutokea, alipoona mikono ya nguo hailingani. Akaulaza mmoja juu ya mwenzake. Wa kushoto ulizidi kwa upana wa vidole viwili. Alipoigeuza nguo ndani nje, akakuta mshono wa zamani umefumuliwa, na mwingine umepitishwa ukingoni kabisa mwa kitambaa, kwa sindano ya mkono.

Angekuwa fundi mwingine, asingejali. Lakini mama mkwe alishona sare za shule miaka thelathini katika chumba hiki cha mbele, na kola ikipinda kidogo tu aliifumua yote, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni. Mtu wa namna hiyo hajishonei kitu cha upogo bila sababu.

"Mama, hebu niambie. Huu mkono wa blauzi umempanulia nani?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, mtandio umemfunika toka begani hadi kiganjani, na joto lote lile. "Ndiyo fasheni siku hizi. Wewe umezama kwenye nepi, utajuaje?"

"Fasheni ya mkono mmoja?"

"Inaanza. Ngoja wiki mbili, utaona watu wanavyogombania."

Mkamwana akacheka, maana huyo mama alijua kumchekesha hata pale asipotaka. Kisha akazima pasi, akapiga magoti mbele ya kochi na kuuondoa mtandio taratibu. Mama hakumzuia.

Mkono ulikuwa umevimba mpaka vidoleni. Ngozi imevutika inang'aa, rangi inaelekea zambarau, na mishipa ambayo zamani haikuonekana imechora bega zima hadi karibu na kovu lililo chini ya mtulinga. Hapo ndipo madaktari walipomwekea betri ya moyo wiki tano zilizopita.

"Tangu lini, Mama?"

"Usimwambie mumeo."

"Tangu lini?"

"Jirani kaniambia mwili ukikataa kitu, huvimba. Nikienda hospitali wataitoa hii betri. Wakiitoa, kizunguzungu kitarudi. Nitamwangusha mtoto tena."

Hilo la mtoto halikuwahi kutajwa nyumbani. Kabla ya betri, moyo ulipokuwa ukipiga kwa kuchechemea, asubuhi moja mama alianguka ukumbini na mjukuu mikononi. Mtoto alitoka na uvimbe mdogo wa paji la uso, ukaisha kesho yake. Hakuna aliyemlaumu bibi. Lakini, mkamwana aliwaza sasa, hakuna pia aliyeketi naye akamwambia kwamba hana lawama.

"Hukumwangusha," alisema. "Ungejikinga kwa mikono ungepona wewe. Ulimkumbatia yeye, ukagonga sakafu kwa kichwa chako. Nilikuwa mlango wa jikoni, niliona kwa macho yangu."

Mama mkwe akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua."

Mama akajifuta macho kwa mkono mzima. "Haya," akasema. "Nivalishe hiyo blauzi."

Wakaenda hospitali, mtoto akiwa amelala mgongoni kwa mama yake.

Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, aliubonyeza mkono, akautazama kwa mashine ya picha, kisha akachukua utepe wa kupimia.

"Ishirini na tisa na nusu, juu ya kiwiko," mgonjwa alimwahi. "Wa kulia ishirini na sita. Ulianza Jumanne iliyopita, ulikuwa ishirini na saba."

"Nani amepima?"

"Mimi ni fundi, mwanangu."

Daktari akapima hata hivyo, akatabasamu. Halafu akaeleza: damu imeganda kwenye mshipa unaopitiwa na waya wa betri, kwa hiyo inarudi moyoni kwa shida. Huwatokea baadhi ya watu. Kuna dawa ya kuzuia isizidi kuganda, na akikaa auinue mkono juu ya mto. "Ila pumzi ikibana au kifua kikiuma, usinifichie chini ya mtandio. Njoo saa hiyo hiyo."

"Na betri?"

"Inafanya kazi vizuri. Haitoki."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Na mtoto? Nimbebe?"

"Ana kilo ngapi?"

"Kumi. Na anakula kama fundi seremala."

"Basi kwa sasa usimnyanyue. Mpakate ukiwa umekaa."

Kwenye benchi la kusubiria dawa, mtoto aliamka, akaanza kunyoosha mikono kwa bibi yake. Bibi akasogea, akapapasa paja lake la kulia. "Mlete."

Mkamwana akampa. Kisha akausogeza mkoba wake, akauweka chini ya mkono uliovimba, uinuke. Dirishani waliitwa mara mbili. Kila mmoja alimsikia mwitaji vizuri kabisa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuvunja mkao huo.